Naomba ushauri: kumpima beki wa hoki ya barafu kwa video

Wakubwa, tuko Kampala, tunapanga orodha yetu ya vijana wa drafti ya NHL (ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ambayo timu zake huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu kila mwaka) kwa video tu. Washambuliaji si kazi: mabao ya watano dhidi ya wanne, yaani mpinzani akiwa na mchezaji aliyeadhibiwa nje, hatuyahesabu, na aliyezaliwa baada ya Septemba 15 tunampunguzia alama kidogo, kwani drafti yake husogea mwaka mmoja na analinganishwa na wadogo zake.

Shida ni mabeki. Kamera hufuata kisahani (ndicho mpira wa hoki ya barafu), hivyo hatuoni kama beki ametazama nyuma ya bega kabla ya kukiokota, wala nafasi anayomwachia mshambuliaji kwenye mstari wa buluu, unaoanzia eneo la ulinzi. Tena uwanja wa Ulaya ukiwa na upana wa mita 30, si 26 kama wa NHL, beki mzito wa mwendo hupitwa pembeni.

Mnazipimaje hizo? Mechi ngapi zinatosha, na mnachanganya za ugenini?