Flashi ya pete au flashi pacha kwa picha za meno: nyie mnatumia namba zipi?

ChongeZaJuu
Wakuu, habari zenu. Nina kamera ya sensa ndogo (ile ya 1.5x) na lenzi ya makro ya milimita 100. Bajeti inaruhusu flashi moja tu, nami nimekwama kati ya ya pete na pacha (ile ya vichwa viwili, kimoja kila upande wa lenzi). Napiga magego kupitia kioo, na meno ya mbele kwa ajili ya fundi wa kauri, anayetengeneza meno bandia. Kwa sasa natumia flashi ya juu ya kamera, kila kitu otomatiki, na kila picha inatoka na rangi yake. Juzi fundi kanirudishia picha, anasema meno yote yamekuwa chaki. Nisaidieni.

GegoLaMwisho
Chukua ya pete, usijisumbue. Imezunguka mdomo wa lenzi, kwa hiyo lenzi inapoona na mwanga unafika, mpaka gego la mwisho. Hiyo pacha shavu likijipenyeza tu, upande mmoja giza. Namba zangu: M (napanga mwenyewe kwa mkono), tundu la lenzi f/22, kasi ya shata 1/125, ISO 200, flashi robo ya nguvu. Miaka sasa sijazigusa.

MzeeWaLenzi
Kwa magego nakubaliana nawe, Gego. Kwa meno ya mbele hapana. Mwanga wa pete unapiga jino usoni moja kwa moja, unafuta kila kitu: vile vimistari vya kulala kwenye enameli, mabonde, ile ncha inayopitisha mwanga kidogo. Halafu unaacha doa jeupe katikati ya kato (meno ya mbele ya kukatia), palepale fundi anapotaka kutazama. Pacha inatoka pembeni, inaacha kivuli chembamba, na jino linapata umbo. Ukiivalisha kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga, mng'ao nao unatulia.

Hiyo f/22 pia ni ya sensa kubwa. ChongeZaJuu ana 1.5x, kwake f/14 au f/16 inampa kina kilekile cha ukali. Kumbuka kwenye makro ya 1:1 (jino linaangukia sensa kwa ukubwa wake halisi) tundu linafanya kazi kama limebanwa maradufu: f/22 inakuwa sawa na f/45 hivi, mwanga unapinda kwenye kitundu hicho na picha inalegea. Ukiikuza utaona ukingo wa ufizi umekuwa kama umefutwa kwa kidole.

GegoLaMwisho
Sawa mzee, ila mimi natumia sensa kubwa, na hakuna aliyenilalamikia ufizi 😄

MzeeWaLenzi
Ndiyo maana nimesema ni yake, si yako.

ChongeZaJuu
Na TTL je, ile ya kamera kujipimia flashi kupitia lenzi? Si ndiyo kazi yake kupima mwanga?

MzeeWaLenzi
TTL inajitahidi kuifanya picha nzima iwe kijivu cha wastani. Meno yakijaa fremu inaona "peupe mno" na kupunguza flashi, meno yanakuwa ya kijivujivu. Ukisogea nyuma koo likaingia, inaona giza, inaongeza, na hiyo ndiyo chaki ya fundi wako. Mdomo uleule, dakika ileile, rangi mbili.

Panga nguvu ya flashi mwenyewe, si otomatiki. Dawa yake ni kufunga ukubwa wa picha kwenye lenzi kwanza, kisha usiguse pete ya fokasi: unasogeza mwili mbele na nyuma mpaka jino liwe kali. Ukubwa ukiwa haubadiliki, umbali haubadiliki, na flashi haina sababu ya kubadilika. Umbali wa flashi ukiuongeza mara mbili tu, mwanga unaofika unabaki robo, kwa hiyo sentimita chache si jambo dogo hapa.

Kwa 1.5x yako, 1:3 inakupa upana wa milimita 72 hivi, inatosha mdomo uliovutwa. Kato nne za juu ni kama milimita 30, kwa hiyo 1:1.5 inatosha. Ukienda 1:1 fremu ni milimita 24 tu, mbili za pembeni zitakatika.

MezaYaKauri
Naongea kama fundi. Pete au pacha, rangi haitokani na hapo. Ninachotaka: mizania ya weupe (kamera inavyosawazisha rangi) isimame kwenye 5500K, isiwe otomatiki, faili la RAW (ghafi, kamera haijalichakata), kadi ya kijivu kwenye picha ya kwanza, na sampuli ya rangi (kile kijino cha kulinganishia) iwe kimo kimoja na jino, ncha kwa ncha. Wengi mnaishika sampuli mbele ya jino, inapokea mwanga zaidi, kisha mnaniuliza kwa nini kauri imetoka nyeusi.

La pili, pigeni picha ya rangi MWANZO. Jino likikaa wazi linakauka na kuwa jeupe kuliko lilivyo. Kwa anayeweza, filta za polaraizi kwenye flashi na kwenye lenzi, zikiwa zimepishana, zinaondoa mng'ao wote na nayaona madoa ya ndani. Ila mng'ao ukiondoka nakosa umbo, kwa hiyo nileteeni zote mbili.

MshikaKioo
Mbishane wee, kioo kikishika ukungu wa pumzi hakuna flashi itakayowaokoa. Kichovye maji ya uvuguvugu, au nipulize hewa pembeni taratibu. Na kwa picha ya kioo ongezeni nguvu ya flashi stopu moja, yaani mara mbili, mwanga una safari ndefu zaidi na kioo nacho kinameza kidogo.

ChongeZaJuu
Nimerudi. Nimeazima pacha kwa siku mbili. Picha za kwanza zote zina utepe mweusi chini, nikadhani flashi ni mbovu. Kumbe nilikuwa kwenye 1/320.

MzeeWaLenzi
Umepita kasi ambayo shata yako inaelewana na flashi, pazia limeshaanza kufunga. Rudi 1/160. Usiogope mtikisiko, karibu mwanga wote wa picha ni wa flashi, na unawaka kwa muda mfupi kuliko shata yenyewe.

ChongeZaJuu
Imekubali. f/16, 1/160, ISO 200, flashi moja ya nane kwa meno ya mbele, robo kwa kioo. Magego ya kushoto bado yana kivuli nisipozungusha vichwa vyote viwili vitazame mbele, karibu kabisa na lenzi.

GegoLaMwisho
Yaani umeigeuza iwe pete.

ChongeZaJuu
Kwa magego, ndiyo. Nanunua pacha.