Mjadala: Orodha ya waliochangia harusi ibandikwe kundini kila mtu aione, au abaki nayo mweka hazina?

Katibu wa Mwanga (mtoa mada)

Wakuu, salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Kikao chetu kinachofuata ni Jumapili, nataka mnichambulie jambo hili kabla sijaenda kupigwa maneno.

Binamu yangu anaoa Desemba. Yeye na mchumba wake wamepanga karibu kila kitu kwa simu. Kundi la WhatsApp la kamati lina watu 214. Mpambaji wamempata kwa picha za Instagram, mshereheshaji kwa vipande vya video anavyorusha TikTok, na rangi za sherehe zilipigiwa kura kundini usiku wa manane wakati wazee wamelala. Kwa hayo sina ugomvi. Sisi wa umri wangu tunakumbuka kamati za kukutana kila Jumapili kwa mwenyekiti, soda na nauli zikitoka mfuko ule ule wa harusi, hadi harusi inafika mfuko umeshakohoa. Sasa nusu ya vikao inaisha kwa ujumbe wa sauti.

Ugomvi ni orodha. Mnaijua. Kila asubuhi mimi katibu nabandika jina, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Aliyemaliza anapata tiki ya kijani. Aliyeahidi kwa mbwembwe siku ya kwanza akapotea, anabaki hapo peupe na sifuri yake. Jana ilifika mstari wa 163. Maharusi wenyewe ndio walioitaka, wanasema ni uwazi.

Wiki iliyopita dada mmoja alitoa 5,000. Jina lake likakaa kati ya mtu wa 100,000 na mtu wa 150,000. Mjumbe mmoja akaweka alama ya kicheko. Moja tu. Yule dada akalefti bila neno. Wasiojua ni kwamba bwana harusi alipokuwa anasoma alikaa kwa dada huyo miaka miwili, akila sahani yake na kulala chumba cha wanawe.

Msimamo wangu nausema mapema: waendelee kupanga mitandaoni watakavyo, lakini kiasi cha kila mtu kitoke kundini. Nipingeni.

Binti wa Gungu

Nakupinga, kaka, na mimi ni bibi harusi mtarajiwa, naolewa mwakani.

Dada yangu alifungiwa harusi na kamati ya zamani, hiyo ya soda na nauli. Yeye na mumewe hawakuonyeshwa hesabu hata siku moja, kwa sababu eti maharusi hawaulizi, wanafanyiwa. Wiki moja baada ya fungate mwenye ukumbi akabisha hodi anadai nusu ya hela yake. Mweka hazina akawa na maelezo marefu kuliko risala. Walianza ndoa kwa kulipa deni la sherehe ambayo wengine walikula.

Nyie mnaona orodha. Mimi naona kitu kingine: kwa mara ya kwanza wanaooana wanajua kinachoendelea kwenye harusi yao. Mkiondoa kiasi, mnamrudishia mweka hazina daftari lake la kwapani.

Kitochi

Mama yangu yuko Kagunga, huko kwa boti za Kibirizi. Simu yake ni ya vitufe, hayupo kundini na hataki kuwepo. Ameshasema mchango wake ni dumu la mawese la lita 20 na kuku wanne. Katibu, hilo dumu linaandikwaje kwenye orodha yako? Linapata tiki?

Katibu wa Mwanga

@Kitochi umenigusa pabaya. Kwetu waliotoa vitu tumewaweka chini kabisa, baada ya mstari, bila namba. "Mawese, shangazi." Sikuwahi kufikiria hadi sasa hivi.

Dagaa wa Kibirizi

Ngoja niwaambie kitu ambacho katibu wa ofisini hawezi kukijua.

Sisi dagaa tunawavua kwa taa, usiku, siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa zetu hazina kazi, tunavuta mitumbwi juu na kushona nyavu. Kwa hiyo hela ya mvuvi ina mwezi wake. Kamati zote nilizowahi kuunganishwa zinaweka siku ya mwisho ya mchango tarehe 30, kwa sababu mshahara wa mwalimu unatoka siku hizo. Mimi tarehe 30 naweza kuwa sina hata ya vocha, na tarehe 10 nina laki mbili mfukoni.

Mwaka 2024 ndiyo usiseme. Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Miezi mitatu. Mimi nilikuwa nimeahidi 100,000 kwenye harusi ya Julai, nikiahidi mwezi wa tatu, ziwa likiwa wazi. Kila asubuhi kwa wiki tisa jina langu lilikuwa linabandikwa na sifuri mbele ya wakwe zangu. Na admini anaandika chini, "Ndugu zetu ambao bado, tunawakumbusha kwa upendo." Upendo gani huo? Nilikopa nikalipa. Mkopo huo niliumaliza harusi ile ikiwa na mtoto.

Mkiulizwa uwazi, semeni uwazi wa matumizi. Wekeni ukumbi shilingi ngapi, ng'ombe shilingi ngapi, mziki shilingi ngapi. Hayo sijawahi kuyaona kundini hata siku moja.

Binti wa Gungu

Kaka Dagaa, pole. Hapo kwa matumizi tuko pamoja.

Mpambaji Katubuka

Mimi napamba kumbi hapa Kigoma na naomba niwape siri ambayo wenzangu watanichukia.

Maharusi siku hizi wakishanipata mtandaoni wananiunganisha moja kwa moja kwenye kundi la kamati, eti tuelewane rangi. Nikishaingia, kitu cha kwanza ninachosoma ni orodha. Jumla ipo chini kabisa, imekolezwa wino. Nikiona mmeshafikisha milioni nane, unafikiri nitakutajia bei ya mtu wa milioni tatu? Mtu wa keki naye yumo, wa video yumo. Mnakuja kupatana bei na watu ambao mmewafungulia kabati.

Halafu lile la picha. Mnaniletea ukumbi wa Dar es Salaam, dari zima limefunikwa maua mabichi. Maua hayo hadi yafike huku mwisho wa reli yameshakuwa mboga. Nitakuwekea ya plastiki, na siku ya siku mtapiga picha kwa mbali ipendeze, kisha mtanisema vibaya kwenye stetasi. Simshauri mtu achague kwa picha ambayo hajui imepigiwa wapi.

Shonaji

Na vitenge! Kundi lilipiga kura sare ya zambarau kwa picha. Kina mama wakanunua, kila mmoja na simu yake na zambarau yake. Siku ya sendi-ofu walikuwa rangi nne.

Mjomba Bujumbura

Hamjambo wote. Mimi ni wa Ujiji ila niko Bujumbura mwaka wa kumi na moja. Nimesoma yote na bado naitetea orodha, tena ikiwa na kiasi.

Sikilizeni. Mimi situmi kwa simu moja kwa moja. Nampa mtu anayevuka mpaka, yeye anampa mtu wake Kasulu, wa Kasulu anamtumia mweka hazina. Mikono mitatu. Nikituma laki tano, njiani inaweza kufika laki nne na nusu, na kila mtu ataapa. Ile asubuhi nikiona jina langu na 500,000 na tiki, ndipo nalala. Ndugu zangu wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, nao hivyo hivyo. Ninyi mlio Mwanga mnaweza kwenda kugonga mlango wa katibu. Sisi mlango wetu ni hiyo orodha.

Kitochi

Lakini mjomba, hiyo ni risiti. Risiti ungeweza kutumiwa peke yako.

Mjomba Bujumbura

Nikitumiwa peke yangu nitajuaje hajaandika kingine kwenye daftari?

Mbishi wa Kasulu

Hapo mjomba kamaliza. Na mimi naongeza la sheria maana naona watu wanaongea kwa huruma tu. Harusi ikivunjika je? Wote mnajua zimevunjika ngapi kadi zikiwa zimeshachapwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mtu kudai zawadi aliyotoa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa, mradi mahakama iridhike kwamba alitoa kwa sharti kuwa ndoa ifungwe. Sasa utakwenda kusema nini bila kumbukumbu? "Nilitoa, Mungu shahidi"? Ile orodha iliyosomwa na watu 200 ndiyo ushahidi wako.

Dagaa wa Kibirizi

Meseji ya muamala ninayo kwenye simu yangu, mbishi. Sihitaji watu 200.

Mbishi wa Kasulu

Simu ikianguka ziwani?

Mzee wa Ujiji

Vijana, hamjambo. Mjukuu wangu ananisomea na kuniandikia, kwa hiyo mkiona makosa ni yake.

Mnasema uwazi, uwazi. Ndoa tangu zamani ni jambo la wazi. Wakristo wanatangazwa kanisani mara tatu, mwenye pingamizi aseme. Serikali nayo inataka taarifa siku 21 kabla. Sisi Waislamu nikaha haisimami bila mashahidi wawili. Uwazi huo una maana: watu wajue fulani kamuoa fulani, asije mtu kesho akasema hakujua. Lakini katika maisha yangu yote sijaona nikaha iliyotaka mashahidi wa elfu tano ya mtu.

Hapa Ujiji tulikuwa tunatunza. Unakwenda, unamshika mkono mwenye shughuli, kilichomo kiganjani anakijua yeye na wewe. Mwenye nyumba alikuwa na daftari, ndiyo, kwa sababu kutunza ni kukopeshana, kesho shughuli iko kwako naye anatazama ulimpa nini. Lakini daftari lile lilifungwa sandukuni pamoja na nguo za msiba. Halikubandikwa mlangoni.

Na jingine, ingawa sikuulizwa. Siku hizi picha ya pete inatangulia mshenga. Mwaka jana niliambiwa na muuza kahawa kwamba mjukuu wangu kachumbiwa. Yeye aliona kwenye simu. Barua ya posa ilinifikia siku ya nane, nami nikaipokea kama mtu anayesoma gazeti la jana.

Binti wa Gungu

Shikamoo babu. Hilo la picha kutangulia nalikubali kwa aibu, nilifanya hivyo hivyo. Nilidhani baba ameshawaambia baba wadogo. Yeye alidhani nitasubiri.

Lakini naomba nirudi kwenye daftari. Babu, la sandukuni lilikuwa na mwenye nyumba mmoja, anayejulikana, ambaye akila anakula cha kwake. Kamati za sasa mweka hazina ni rafiki wa ofisini kwa bwana harusi, akihamishwa kituo kesho hamumuoni. Ndiyo maana tunang'ang'ania kuona.

Mzee wa Ujiji

Marahaba mjukuu wangu. Basi shida yenu ni kumchagua mweka hazina.

Admini Mstaafu

Nimeongoza makundi matano ya harusi hapa mjini, nikastaafu kwa hiari. Nionavyo mimi, watu hawasemi ukweli mmoja: orodha haiwekwi kwa ajili ya uwazi, inawekwa kwa ajili ya aibu. Na aibu inafanya kazi! Siku niliyobandika orodha, hela ilikuwa inaingia hadi saa sita usiku. Siku nisiyobandika, kimya. Maharusi wanalijua hilo, ndiyo maana wananipigia simu asubuhi, "admini, orodha." Sijawahi kupigiwa simu niambiwe, "admini, weka matumizi."

Tena wengi mle hawakuomba kuingia. Unaamka unajikuta "umeongezwa." Namba yako ya simu wanaiona watu 200 usiowajua. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kila nikimuongeza mtu bila kumuuliza nilikuwa najiuliza siku mtu akikasirika sana ningejibu nini.

Mbishi wa Kasulu

Sasa harusi tuipeleke Dodoma? Aliyeongezwa asipotaka si alefti.

Admini Mstaafu

Kulefti kundi la harusi Kigoma ni sawa na kutokwenda msibani. Wewe unajua. Yule dada wa elfu tano mpaka leo wanamjadili.

Katibu wa Mwanga (mtoa mada)

Nimerudi kutoka kikaoni, nawaletea kilichotokea maana mmenibeba.

Niliwasomea baadhi ya haya. Bibi harusi mwenyewe alinyamaza nilipofika kwa maneno ya Dagaa. Tukabishana saa mbili. Tumekubaliana hivi: kundini yatabaki majina tu, bila kiasi na bila sifuri, na atakayeleta mawese, kuku au mchele anaingia kwenye orodha ile ile kwa namba yake. Kila anayelipa anapata meseji yangu na ya mweka hazina, zote mbili, zenye kiasi kile kile, ili Mjomba na watu wa mikono mitatu walale. Daftari lenye kiasi wanalo watatu: bwana harusi, bibi harusi na shangazi mkubwa. Kila Jumapili nabandika matumizi, shilingi kwa shilingi. Mpambaji na wa keki wametolewa leo asubuhi, wamefunguliwa kundi lao la rangi.

Siku ya mwisho tumeiweka siku za giza, tumetazama kalenda ya mwezi.

Hela imepungua kasi, Admini alisema kweli. Jumatatu iliingia ya watu wawili. Mwenyekiti ananitazama vibaya.

Dada nilimfuata nyumbani badala ya kumuongeza tena. Alinikaribisha chai, akauliza habari za wote, la kundi hakulitaja, nami sikulitaja. Wakati natoka akanipa mfuko wa mchele kilo kumi. Nimemwandika wa 164.

Mjomba Bujumbura

Sawa, nimeelewa, na meseji zote mbili nimezipata. Ila mimi naomba laki tano yangu muiweke wazi kundini.

Katibu wa Mwanga

Haiwezekani, mjomba. Tumeshapitisha.

Mjomba Bujumbura

Basi hata kwa kudokeza.