Kempa mpaka Aktiki: Dempster, Dalton au tubaki lami tu?

Mgeni wa Baridi
Wakuu habari za wikiendi. Niko Edmonton, Kanada, na waifu na watoto wawili, mwezi wa saba nina likizo wiki tatu, tunataka kukodi kempa (gari la kulala ndani) tupande kaskazini mpaka ardhi iishe. Nina njia tatu kichwani: barabara ya Dempster huku Kanada kutoka Dawson City mpaka Inuvik halafu Tuktoyaktuk, Dalton ya Alaska mpaka Deadhorse, au tusijitese, tushike Alaska Highway ambayo ni lami tukaogelee maji ya moto pale Liard basi. Aliyepita anipe ukweli, sio za YouTube.

Babu Gia
Dempster nimepita mara mbili. Kama km 740 mpaka Inuvik, karibu yote changarawe, na sio changarawe ya kwetu Kondoa, hii ina vijiwe bapa vinakata tairi kama wembe. Mara ya kwanza nilibeba spea moja, nikala pancha tumeshapita Eagle Plains, kituo cha mafuta cha katikati ya njia, nikafunga spea, hata km 50 hazijaisha nasikia pssss, ya pili hiyo. Masaa manne gari iko juu ya jeki, mbu mpaka masikioni, mama watoto ananipepea na kanga huku ananisema, na jua lenyewe halizami kwahiyo hata hujui saa ngapi. Dereva wa roli ndio alituokoa. Siku hizi nabeba spea mbili, pampu na vile vigundi vya kuziba. Na mafuta jaza fulu tenki Dawson, toka barabara inapoanza mpaka Eagle Plains ni km 369 hamna sheli hata moja.

Dada wa Fairbanks
Kwa mandhari Dalton haina mpinzani, samahani Babu. Km 666, ilijengwa 1974 kwa ajili ya bomba la mafuta, ukivuka mlima pale Atigun unaona milima mpaka unasahau njaa. Lami ipo vipande vipande. Ila maroli hayana mchezo, likija sogea pembeni punguza mwendo, kioo kikipona shukuru. Toka Coldfoot mpaka Deadhorse ni maili 240 hakuna huduma. Na kitu kinaudhi, ukifika mwisho bahari huendi na gari lako, kuna geti la eneo la visima vya mafuta, unalipia basi la watalii na majina unatuma mapema.

Kinyozi wa Calgary
Swali dogo, mna pasi za wapi? Ukaazi wa kudumu wa Kanada haukuvushi Marekani, kwa pasi nyingi viza lazima.

Mgeni wa Baridi
Duh. Mimi nina uraia, waifu bado ana pasi ya Kenya. Basi Dalton imejifuta yenyewe.

Babu Gia
Si ndio nakwambia. Tuktoyaktuk unaendesha mwenyewe mpaka unachovya mguu baharini, ile barabara ya mwisho ilifunguliwa 2017. Njiani kuna pantoni mbili, mto Peel na mto Mackenzie, bure kabisa, ila mto ukijaa zinasimama na wewe unasimama, kwahiyo weka siku za ziada.

Mama Pacha
Jamani mnampeleka mtu na watoto bila kumuuliza mkataba. Mimi kampuni niliyokodi waliandika kabisa changarawe marufuku, ukiingia bima imekufa. Na vumbi je? Kempa ya shemeji ilirudi na vumbi ndani ya mfuko wa unga wa ugali, mfuko ulikuwa umefungwa na uko kabatini! Mwanangu mimi ningeenda lami mpaka Whitehorse, kempa ikae hapo, nikodi gari la juu na hema mpaka hifadhi ya Tombstone tu, ni km 71 ndani ya Dempster, milima mizuri hatari, unageuza.

Babu Gia
Kuishia Tombstone ni sawa na kuaga unaenda Zanzibar ukaishia kula mishikaki bandarini Dar.

Mama Pacha
Mishikaki mitamu lakini 😂

Mgeni wa Baridi
Nimefungua mkataba sasa hivi, ukurasa wa nne, changarawe hairuhusiwi. Kesho nawapigia wa Whitehorse, nimesikia kuna wanaoruhusu Dempster kwa kuongeza hela.

Babu Gia
Wapo. Ila kabla hujasaini lala chini ya gari uangalie spea kwa macho yako, na jeki uijaribu hapohapo uwanjani kwao.