Tunafundishwa gari ya manyuo, tunanunua auto: utaratibu huu ubaki au ubadilike?

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, hili jambo nimelibeba muda mrefu, leo naomba tulijadili.

Mimi nilijifunza udereva kwa pikapu ya manyuo, yaani ya kubadili gia kwa mkono. Wiki nzima ya kwanza iliishia kwenye klachi: kuondoka kilimani gari isirudi nyuma, kubadili gia bila kukwaruza, kusimama bila kuzima. Nikafaulu mtihani. Baada ya miezi miwili nikanunua IST ya zamani, ile ya gia nne za auto, na toka siku hiyo mguu wangu wa kushoto haujagusa klachi tena. Pita kwenye maegesho ya ofisi yoyote mjini uhesabu: Vitz, Passo, Raum, Spacio, Noah, Harrier. Zimetoka Japani zimeshatumika, na manyuo humo utaitafuta kwa tochi. Wajapani wenyewe toka mwaka 1991 wana leseni ya mtu anayeendesha auto tu.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Mwaka wa kwanza na hiyo IST nilikuwa natoka Iringa narudi Morogoro. Anayeijua njia ile anajua ukishapita Ilula unakutana na Kitonga, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, malori mbele na nyuma. Nilishuka na D, gia ya kawaida ya kwenda mbele, mguu juu ya breki mwanzo mpaka mwisho. Kwa akili yangu auto ni vitu viwili tu, mafuta na breki. Sijafika chini, pedali ikaanza kuzama na harufu ya kuungua ikajaa ndani ya gari. Mke wangu alikuwa nyuma na mtoto wa miezi saba mapajani.

Mungu alitufikisha Ruaha Mbuyuni. Nikaegesha kwenye meza za vitunguu, magurudumu ya mbele yanafuka moshi. Dereva wa fuso aliyekuwa anakunywa chai pale akaja, akachungulia ndani, akaniuliza, "Mdogo wangu, hii 2 na hii L huwa unazitumia lini?" Sikuwa na jibu. Akanieleza taratibu kwamba ukiweka gia ndogo kama hizo, injini yenyewe inaishikilia gari, breki unagusa tu na kuachia. Ukiikandamiza breki mteremko mzima, joto linapanda mpaka mafuta ya breki yanachemka, na yakichemka unakanyaga hewa.

Nilikuwa na leseni. Nilikuwa na cheti cha shule. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa gari ninayoiendesha. Hata kitufe cha OD, kile cha kuruhusu au kuzuia gia ya juu kabisa, nilidhani ni cha mwendokasi.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba mtu afundishwe na atahiniwe kwa gari atakayoendesha. Anayetaka auto asome auto, na iandikwe kwenye leseni yake. Karibuni.

Dereva wa kirikuu, Mbeya

Pole sana mkuu, na shukuru Mungu kwa huyo mzee wa fuso. Lakini mimi napinga, na napinga kwa sababu ya tumbo.

Mimi nilianza utingo, leo naendesha. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hana mtaji, leseni ndiyo shamba lake. Nitajie gari za kazi: kirikuu, Canter, Fuso, Hiace za daladala, Coaster, Land Cruiser mkonga za miradi. Zinazozunguka huku kwetu ni manyuo. Tajiri akikupa ufunguo hakuulizi kama umesoma auto. Sasa ukimruhusu kijana achague njia rahisi akiwa na miaka 18, atachagua rahisi, na akifika miaka 22 anatafuta kazi ndipo atajua ameuza nini. Aliyejua manyuo anazoea auto nusu saa. Aliyesoma auto peke yake, mpe Canter yenye mzigo pale Iwambi uone.

Halafu manyuo betri ikifa mnasukuma watu watatu, unaachia klachi, inawaka. Auto huwashi kwa kusukuma. Huku vijijini hilo si jambo dogo.

Mchangiaji, Dodoma

Naomba mnisikilize na mimi. Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mdogo. Kulia niko sawa kabisa. Shule mbili nilizokwenda ziliniambia hawana gari ya kunifundishia, na mmoja wa walimu akaniambia nitafute mtu wa kuniendesha. Nina duka la dawa za mifugo, nafuata mzigo mwenyewe, kwa nini nitafute mtu wa kuniendesha?

Mwishowe kaka yangu alinifundisha kwa Raum yake kwenye uwanja wa mpira, kila Jumapili, miezi minne. Mkisema kila mtu aanze na klachi, mjue mnawafungia mlango watu ambao gari ya auto ilishawafungulia. Mimi sitafuti njia rahisi, kaka wa Mbeya. Ninayo njia moja tu.

Dereva wa kirikuu, Mbeya

Dada yangu, hapo umenifunga mdomo. Kwa mtu mwenye hali hiyo nakubali kabisa, iwe haki yake na shule ilazimishwe kuwa na gari. Bado nasema kwa kijana mzima manyuo iwe lazima.

Mchangiaji, Nakuru

Ndugu zetu, huku Kenya jambo hili lilishawekwa kwenye kanuni. Leseni ya gari dogo imegawanywa: B1 ni auto tu, B2 unaruhusiwa zote mbili, B3 ni ya wanaoendesha kwa kazi, kama teksi. Uingereza nako ukifanya mtihani kwa auto huruhusiwi kushika manyuo mpaka urudi kwa mtihani. Ukifanya kwa manyuo, zote ni zako.

Jirani yangu mwalimu mstaafu alichukua B1 na yuko sawa. Mtoto wangu nilimwambia achukue B2 hata kama hajui atafanya kazi gani, kwa sababu hizo ndizo hesabu za mzazi. Si lazima serikali imfanyie kila mtu hesabu.

Fundi giabox, Dar es Salaam

Niko kwenye hizi giabox mwaka wa kumi na sita. Mnabishana gari ipi, mimi naona tatizo ni kwamba auto inachukuliwa kama gari isiyohitaji kujifunza. Gari zinazokuja kwangu zimevutwa, nyingi hazikufa kwa uzee, zimeuawa na mwenyewe bila kujua.

La kwanza, haidroliki, yaani mafuta ya giabox. CVT, auto isiyo na gia za hatua, si sawa na auto ya gia nne. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mafuta yake yametengenezwa ili mkanda ule usiteleze. Mtu anakwenda dukani anaambiwa "haidroliki ni haidroliki", anamiminiwa ya kawaida, baada ya muda gari inavuma na haiendi. Soma kitabu cha gari au kijiti cha kupimia, kimeandikwa aina. IST ya zamani ya gia nne na IST iliyokuja baada yake yenye CVT hazinywi mafuta ya aina moja, hata kama jina nyuma ni lile lile.

La pili, kuvuta. Auto ikizima njiani mnafunga kamba, mnaweka N (gia huru), mnavuta kilomita arobaini. Pampu ya mafuta ya giabox inazungushwa na injini. Injini imezima, pampu imelala, lakini magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani vikiwa vikavu. Mkifika gereji tatizo dogo limeshakuwa giabox nzima. Ndiyo sababu hiyo hiyo auto haiwaki kwa kusukumwa. Magurudumu yanayoendeshwa yanyanyuliwe, au gari ipakiwe.

La tatu, kutoa D kuweka R ya kurudi nyuma gari bado inatambaa. Simama kwanza kabisa. Wanaofanya hivi zaidi ni wenye haraka kwenye foleni ya Kimara.

La nne, kushuka na N ili kuokoa mafuta. Kwenye injini hizi za sindano, zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta, ukiachia pedali gari ikiwa kwenye gia mafuta yanakatwa. Ukiweka N injini inaendelea kunywa ili isizime. Kwa hiyo huokoi kitu, na umeitupa breki ya injini mlimani.

Mambo haya manne yanafundishika kwa saa mbili. Nani anayafundisha?

Mchangiaji, Tanga

Mimi ni mtu wa manyuo na sababu yangu ni usalama. Auto inaondoka kwa kosa moja. Mguu ukikosea pedali, gari imeshaingia dukani kwa watu. Japani mwaka 2019, pale Ikebukuro jijini Tokyo, mzee wa miaka 87 alikanyaga mafuta akidhani ni breki, mama na bintiye mdogo wakafa. Kwenye manyuo ukichanganyikiwa, mara nyingi gari inazima yenyewe. Klachi inakulazimisha uwe macho.

Mleta mada, Morogoro

Nimesoma zote, ahsanteni.

Ndugu wa Tanga, jambo hilo ni zito na sitalipuuza. Ila naliona linaelekea upande wangu. Kama kosa la pedali ndilo linaloua kwenye auto, basi hilo ndilo lifundishwe kwa auto: mguu mmoja tu, kisigino mbele ya breki, wa kushoto upumzike. Mimi niliyetoka kwenye manyuo, siku ya pili ya IST nilikanyaga breki kwa mguu wa kushoto kwa nguvu zote nikidhani ni klachi. Bodaboda aliyekuwa nyuma yangu nusura anigonge. Hiyo "nusu saa ya kuzoea" anayoisema kaka wa Mbeya ndiyo hiyo, na tunaifanyia barabarani katikati ya watu.

Kaka wa Mbeya, kuhusu kazi umenigeuza kidogo. Nilipoandika nilikuwa nafikiria watu kama mimi, mshahara upo, gari ni ya kwendea kazini. Sikumfikiria kijana anayeanzia utingo. Kwa hiyo narekebisha: manyuo ibaki kuwa njia ya kawaida, auto iwe chaguo lililo wazi linaloandikwa kwenye leseni kama Kenya, na yeyote anayesoma manyuo apewe pia masomo ya auto kabla ya kupewa cheti. Si nusu saa. Apandishwe mlima na ashushwe.

Dada wa Dodoma, miezi minne ya Jumapili za kaka yako imenigusa sana.

Dereva wa kirikuu, Mbeya

Hapo kwenye kushushwa mlima tumekutana. Ila masomo hayo ya ziada asilipe kijana, ada ya sasa tu wengi wanauza mbuzi.

Mchangiaji, Dodoma

Fundi, naomba kuuliza. Niliuza ile Raum, sasa nina gari ya CVT. Haina 2 wala L, baada ya D kuna S na B. Mwezi ujao naenda Kondoa na Babati, na milima ya Kolo naiogopa.

Fundi giabox, Dar es Salaam

Dada, B ndiyo ya kushukia. Iweke mteremko haujaanza, gari ikiwa bado na mwendo mdogo, usisubiri mpaka imekushinda. Utasikia injini inanguruma juu kidogo, usiogope, ndiyo inafanya kazi yake. Breki gusa na uachie, gusa na uachie. Ukifika tambarare rudisha D. Na kabla ya safari pitisha gari kwa mtu akuangalizie unene wa padi za mbele na rangi ya mafuta ya breki. Yakiwa meusi yabadilishwe kabla hujaondoka Dodoma.