Kutengeneza chaki ya koleti kwa mashine ndogo ya kukereza: flenji au tepa ya Morse?

Mkerezaji wa Uyole (Mbeya)

Ndugu mafundi, salaam. Nina mashine ndogo ya kukereza chuma hapa nyumbani, ile ya Kichina ambayo tundu la spindo yake (mhimili unaozunguka) ni milimita 20 na ambayo chaki, yaani kishikio cha kipande kinachokerezwa, hufungwa kwenye flenji (sahani ya mbele ya spindo) kwa bolti tatu. Kazi zangu nyingi ni pini na bushi za vinu vya kusaga, na msimu wa kahawa ukifika huja na vipuri vya mashine za kukobolea kutoka Mbozi. Chaki yangu ya taya tatu inashika kwa nguvu, lakini nikigeuza kipande ili nikereze upande wa pili, geji inaonyesha kuyumba kwa karibu milimita 0.1, na taya huacha alama kwenye pini ambayo nilikwisha kuilainisha. Chaki ya taya nne inaondoa tatizo hilo, ila kulenga upya kila pini wakati mteja amekaa kwenye benchi anasubiri ni kazi isiyolipa.

Nimekusudia kuagiza Dar es Salaam koleti za ER32 (bushi zilizopasuliwa ambazo hubana chuma pande zote nati ikikazwa) pamoja na nati yake, kisha mwili wa chaki niukereze mwenyewe. Naomba ushauri katika mambo mawili. Kwanza, je, mwili huo niufunge kwenye flenji au niupe shina la tepa ya Morse namba 3, yaani lenye umbo la koni la kipimo maalumu, linaloingia ndani ya spindo? Pili, pembe ya digrii 8 ya tepa ya ndani nitaipataje kwa uhakika, iwapo alama za digrii kwenye slaidi yangu ya juu (kitelezi kidogo kinachobeba kisu) ni za kukisia tu?

Fundi mstaafu (Iringa)

Kamwene, kijana wangu. Katika swali la kwanza mimi sina mashaka: funga kwenye flenji. Shina la Morse hukaa sawa na hulenga vizuri, lakini lazima livutwe kwa fimbo yenye nyuzi inayopita ndani ya spindo, na fimbo hiyo ikishakaa humo huwezi tena kupitisha chuma kirefu. Wewe unakereza pini, kwa hiyo faida yako kubwa iko katika kuingiza chuma kirefu kutoka nyuma, kukereza pini, kuikata, kulegeza nati, kuvuta chuma na kuanza nyingine. ER32 inashika hadi milimita 20, ambayo ndiyo tundu la spindo yako, hivyo umechagua ukubwa unaofaa. Wanaosifu koleti za 5C, ambazo ni aina nyingine, wana sababu zao, lakini mwili wa 5C una kipenyo cha milimita 31.75 na hauwezi kuingia katika spindo ya namna yako.

Sasa zingatia mpangilio wa kazi, maana hapo ndipo chaki inapopata au kupoteza usahihi wake. Shika kipande kwenye taya, sawazisha uso wa nyuma, kisha kereza ule mduara wa ndani unaokaa juu ya bega la flenji. Kwa mashine nyingi za aina hiyo bega ni milimita 55, lakini pima la kwako kwa maikromita, na uache mkao wa kubana kiasi kwamba kipande kinaingia kwa kusukumwa na kiganja bila kucheza. Toboa tundu la katikati na matundu ya bolti, kisha uondoe chaki ya taya tatu na ufunge kipande moja kwa moja kwenye spindo. Kuanzia hapo kisifunguliwe hadi mwisho: sehemu ya nje, nyuzi za nati na tepa ya ndani vyote vikerezwe kikiwa hapo hapo kwenye spindo kitakapofanyia kazi. Tepa iwe ya mwisho kabisa. Kabla ya kukifungua, piga alama moja kwenye flenji na nyingine kwenye chaki, ili kila utakapoirudisha ikae vile vile ilivyozaliwa.

Mwalimu wa karakana (Mbeya)

Naunga mkono yaliyosemwa hapo juu na nitajibu la pembe. Alama za digrii usizitegemee hata zingekuwa nzuri. Mfumo wa ER, uliobuniwa na kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi mwaka 1973 na baadaye kuingizwa katika kiwango cha DIN 6499, una digrii 8 kila upande, yaani 16 kwa jumla, na koleti isiyolala juu ya tepa kwa urefu wake wote hushika kwa ncha moja na kuyumba kwa ncha nyingine.

Fanya hivi. Funga kwenye chaki chuma kilichonyooka na laini, weka geji ya saa mahali pa kisu ikiwa sawa na kimo cha kitovu, kisha sogeza keriji yote (behewa linalobeba slaidi na kisu) mbele na nyuma kuhakikisha sindano haisogei. Sasa fungia keriji, legeza slaidi ya juu na uielekeze karibu na 8, kisha uisogeze milimita 20 kwa gurudumu lake. Sine ya digrii 8 ni 0.13917, kwa hiyo sindano lazima ionyeshe milimita 2.783. Ikizidi, pembe imezidi, ikipungua, imepungua. Unagonga slaidi kidogo kidogo kwa mpini wa bisibisi na kurudia, ukizungusha gurudumu upande mmoja tu ili ulegevu wa skrubu usikudanganye. Ni kazi ya subira, lakini vifaa vyake vyote unavyo.

Kisu cha kukereza ndani kiwe kinene kadiri tundu litakavyoruhusu, na ncha yake iwe kwenye kimo cha kitovu hasa, kwa sababu kikiwa juu au chini tepa hutoka na mkunjo badala ya mstari ulionyooka. Mdomo wa tepa ukifika karibu milimita 32, paka ndani rangi ya buluu nyembamba sana, ingiza koleti ikiwa na pini ya kipimo chake ndani yake ili isibonyee, izungushe kidogo, uitoe uangalie. Buluu ikishika karibu na mdomo pekee, pembe yako ni ndogo. Ikishika nyuma pekee, ni kubwa. Usijaribu kurekebisha kwa msasa. Msasa hung'arisha tu na kuharibu umbo.

Kibandani Makambako

Mimi nitasema la chuma, kwa kuwa nimeona watu wakihangaika nalo. Wengi hukimbilia ekseli za magari chakavu kwa kuwa ni rahisi kupatikana, lakini ngozi ya ekseli nyingi imefanywa ngumu kwa moto na inakula visu. Jaribu kwa tupa kabla ya kulipa: tupa ikiteleza juu yake kama kwenye kioo, mwachie mwenye duka mali yake. Kipande cha shafti nene kutoka mashine chakavu ya mbao, na kwa upande wa Mafinga hizo hazikosekani, mara nyingi hukerezeka vizuri. Ukiwa na uwezo wa kununua kipya, ulizia feleji ya daraja la EN8 au EN19. Chuma cha kusubu sikishauri, kwa kuwa nyuzi zake hazitastahimili nati inayokazwa kila siku.

Mkerezaji wa Uyole (Mbeya)

Nawashukuru sana, wazee wangu. Limebaki moja: nyuzi za nati ya ER32 ni M40, yaani kipenyo cha milimita 40, kwa hatua ya milimita 1.5. Naogopa kukereza nyuzi kuelekea kwenye bega kwa mashine isiyosimama haraka.

Fundi mstaafu (Iringa)

Geuza kisu, makali yake yatazame chini, endesha spindo kinyume na uanzie kwenye mfereji uliochimba karibu na bega, ukikata kwenda nje. Chaki yako imefungwa kwa bolti, haiwezi kujifungua kama zile za kusokotwa kwenye spindo. Kereza kipenyo kama 39.85, kisha ushuke kwa takriban milimita 0.92 kwa upande, na nati yenyewe iwe ndiyo geji yako. Ikicheza kidogo usihuzunike, kwa sababu kinacholenga koleti ni tepa, na nati inayobana sana huivuta kando.

Na ukishamaliza, koleti itangulie kuingia kwenye nati: ilaze kwa kuinamisha mpaka mfereji wake ulie "tak" kwenye pete ya ndani, ndipo usokote nati kwenye chaki. Anayeitumbukiza koleti kwanza na kufuatisha nati huharibu pete hiyo, na siku ya kufungua nati itatoka peke yake huku koleti imeng'ang'ania ndani.