Tupeane uzoefu: miche ya nyanya na hoho kitaluni, kwa sisi wa Dodoma

Habari wakuu. Ya Lushoto na Iringa tuyaache kwanza, wenzetu wana baridi na ukungu. Hapa mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha ni jua na upepo unaokausha kitalu kabla ya saa sita. Waliokuza miche hapahapa waseme, na kilichoiua wakitaje.

Naanza. Nipo Hombolo, na kinachotumaliza huku ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu. Mche unaota vizuri tu, halafu shina linanywea usawa wa udongo, unalala. Wengi wanadhani ni kiu, wanaongeza maji, kumbe ndiyo wanailisha ile kuvu. Mbegu zikimwagwa zikabanana ndiyo kabisa. Mimi nasia kwa mistari na kumwagilia asubuhi tu. Nikiona kiraka kimeanza kulala nang'oa pamoja na udongo wake, nakitupa mbali. Dawa ya kuvu ni ya kukinga. Mche ukishalala, sahau.

Wa Kisimani, Nzuguni
Kweli mkuu, ila sisi wa visima tuna chumvi. Ncha za majani zinaungua, udongo juu unaweka weupe, na mtu anakimbilia mbolea! Mbolea inaongeza chumvi juu ya chumvi. Maji ya mvua niliyokinga kwenye tanki nayatunza kwa ajili ya kitalu peke yake. Ya kisima miche itaanza kuyanywa ikiwa shambani. Na majivu, jamani, msiweke humo.

Mama Hoho, Bahi
Mimi niongelee kivuli. Nyasi zilizotandazwa juu ya tuta ni za kungoja mbegu iote. Ikishaota unazitoa, unainua chanja juu kidogo, la sivyo miche inarefuka ikitafuta mwanga na shina linabaki jembamba. Wiki ya mwisho chanja naondoa, maji napunguza. Jirani yangu alisema naitesa. Tulihamishia shambani wiki moja, upepo ukavuma, yake aliyoidekeza ikalala chali. Siku hizi anakuja kuniomba miche.

Kijana wa Chamwino
Mbuzi. Sina la kuongeza.

Mgeni Kongwa
Wakubwa, shikamooni. Yangu asubuhi naikuta imekatwa chini kama kwa wembe, majani yamelala pembeni hayajaliwa. Ndicho hicho kinyausi?

Mwanzisha mada
Marahaba. Hapana, huyo ni sota. Anakula usiku, mchana anajificha. Fukua taratibu pembeni ya mche uliokatwa leo, utamkuta kiwavi amejikunja, muue hapohapo. Iliyobaki izungushie karatasi shinani, nusu yake izame ardhini. Na ukihamisha, hamisha jioni, ukiwa umemwagilia kitalu kwanza ili mizizi itoke na udongo wake. Ukimpata weka picha, kuna watu hapa hawajawahi kumwona.