Dola 40 ili nikatazwe maharagi ya mama: hawa makochi wa rejimu wa WhatsApp watuache

Bandugu wa Bukavu, nafungua huu uzi na hasira na siifichi. Nimenyamaza miezi mingi juu nilikuwa naona haya, lakini juzi mdogo wangu alinionyesha kwa telefoni yake kwamba ule ule kochi aliyeniuzia rejimu, ile namna ya kula ili kupunguza uzito, amefungua grupu mpya kwa WhatsApp, bei imetoka dola 40 imefika 60, na yeye mtoto wa miaka 17 alikuwa anaweka faranga pembeni kidogo kidogo apate kuingia. Hapo njo nikasema hapana, hii nitaiandika yote.

Nilianza na kilo 84. Nilienda kupima malaria, wakakuta tansio, ile presha ya damu, iko juu, 15, dokta akaniambia "mama, punguza uzito", akaita mgonjwa mwengine. Nipunguze namna gani, nile nini, niache nini, hakusema hata neno moja. Nasema hivi juu watu wanatulaumu eti mnapenda vya bure bure vya intaneti, lakini mtu akitoka kwa dokta na woga mikononi na hana maelezo, yeyote atakayekuja na maelezo atamsikiliza. Kochi alikuja na maelezo. Karatasi moja, imepigwa foto, ile ile kwa watu wote wa grupu, mzee na kijana, mwenye kunyonyesha na asiyenyonyesha.

Ilikataza bugali, muchele, viazi, mihogo, ndizi za aina zote, mkate, maharagi, embe, nanasi, mpaka karoti. Iliruhusu mayai, nyama, jibini, avoka, kokombre, mafuta ya nazi na lozi, na kula ni saa sita mpaka saa kumi na mbili jioni tu, kisha ni maji. Mafuta ya nazi, sisi watu wa mawese! Lozi nilizitafuta kwa alimantasio za mjini, kakifuko ka kujaa kiganja, kwa zile faranga nyumbani tunakulaka maharagi siku tatu. Nililipa. Niliamini kwamba chakula cha kwetu njo kimeniharibu.

Wiki ya kwanza kilo 4 zilitoka na nikafurahi sana, nikaandika kwa grupu, na kochi akachukua foto yangu akaiweka kwa status yake "kilo 4 siku 7" bila kuniuliza. Sasa sikilizeni kitu hakutuambia. Mwili unawekaka akiba ya wanga ndani ya ini na misuli, na kila gramu ya ile akiba inashikana na karibu gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla akiba inaisha, maji yanatoka kwa mkojo, mizani inashuka, na sehemu kubwa ya mafuta unayotaka kupunguza iko palepale. Watu wangapi walilipa dola 40 juu ya maji yangu?

Wiki ya tatu nilikuwa natoka Nyawera napanda Kadutu kwa miguu, wenye kujua ule mlima wanajua, katikati macho yakawa giza na masikio yanalia. Mama mmoja muuza nyanya na ndizi alinishika mkono akanikalisha kwa kibao chake, akanimwagia maji kichwani, kisha akakata ndizi moja ya kuiva kwa mkungu wake akaimenya akanipa. Niliikataa. Nilimwambia mama, siwezi, niko na rejimu. Aliniangalia kwa muda, hakusema kitu, akairudisha ile ndizi juu ya ganda lake na kuiweka mapajani mwake. Ile picha hainitoki. Mtu hana kitu, anakupa ndizi yake ya biashara ili usianguke, na wewe unaiogopa kama sumu.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mama yangu anapikaka sombe, yale majani ya mihogo, na sambaza, samaki wadogo wanaovuliwa usiku na taa, anazikaanga mpaka zinalia zikivunjika mdomoni, na sisi wote tunakulaka kwa sinia moja. Mimi nikawa nakaa pembeni na mayai mawili na kokombre. Mama alifikiri nimemkasirikia, akaniuliza mbele ya watoto, "mwanangu, mkono wangu umekuwa na ubaya gani?" Nilikosa jibu.

Na usiku, siku ya 24, niliamka saa nane nikaenda jikoni bila kuwasha taa, nikakuta bugali ya baridi imebaki chini ya sufuria, nikaikwangua na vidole mpaka ule ukoko, nikala nikiwa nimesimama na machozi yanatoka, na tumbo linauma na siwezi kuacha. Nilifikiri mimi ni mtu wa tamaa, nimekosa moyo. Si tamaa. Mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys alichukua vijana wanaume 36 wenye afya, wakajitolea wenyewe, akawapa karibu nusu ya chakula chao kwa miezi sita. Wakaanza kufikiri chakula mchana na usiku, wengine kusoma vitabu vya mapishi, na walipofunguliwa kuna waliokula na kula na hawasikii kushiba. Ni mwili unajilinda. Kochi wetu kila mtu akiteleza alikuwa anamwandika kwa grupu na jina lake, "huyu hana nidhamu".

Nilipomwambia nywele zinabaki kwa kitana, siendi choo siku nne, na mwezi wangu haujaja, alinijibu na odio ya dakika nne: "sheri, usiogope, ni sumu inatoka", na akaniuzia chai ya kusafisha, dola 25. Ile chai ni ya kuharisha, basi. Dawa za namna ile nyingi zinafanya kazi ndani ya utumbo mpana, na kufika pale mwili umekwisha kuchukua nguvu karibu yote ya chakula kule juu kwa utumbo mwembamba, kwa hiyo unachopoteza ni maji na chumvi za mwili. Nilikaa siku mbili chooni. Nilipouliza ndani ya chai muna majani gani, akanitoa kwa grupu. Njo ilivyoisha.

Na alikuwa anasema sana "hii imethibitishwa na madaktari". Ile rejimu ya kukata wanga na kula mafuta ilitengenezwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, hasa watoto, na mpaka leo wanaowekwa juu yake kwa kifafa wanafuatwa na daktari na wanapimwa damu. Si karatasi ya kutumiana kwa telefoni. Kama kuna mtu hapa imemsaidia, na daktari wake anajua, sina neno naye.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii inafanyika hapa kwetu, Kivu Kusini, ambako neno bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula bora, kila mtoto analijua. Watoto wanavimba miguu, nywele zinageuka rangi, wanapelekwa mpaka hospitali ya Lwiro, na miaka na miaka waganga wamewahubiria mama zetu changanya, mpe mtoto maharagi, mpe soja, mpe ndagala, usimpe bugali tupu. Gramu 100 za maharagi makavu ziko na karibu gramu 20 za proteini, na zile nyuzi za kusaidia choo, na sambaza unaikula na mifupa yake ambayo njo kalsiamu. Halafu mtu anakaa kwa telefoni anatuuzia upungufu kwa dola, na anaita maharagi "chakula cha kunenepesha".

Nilipoacha, zile kilo 7 zilizokuwa zimetoka zilirudi zote, na mbili juu yake, nikafika 86. Aliyenitoa pale ni mama muuguzi wa kituo cha afya cha karibu, nililipa fishi tu, kile kikaratasi cha mgonjwa. Hakunikataza kitu. Aliniambia, "nihesabie vyote ulivyokula jana, toka ulipofungua macho." Nikahesabu. Chai mara tatu, kila moja vijiko vinne vya sukari. Mandazi mawili ya njiani. Sombe ya mama, mawese yanamiminwa toka kwa bidon bila kupima. Chumvi, na kibe cha magi juu yake. Bugali, nusu ya sahani na mlima. Akaniambia ugonjwa uko pale, kwa kipimo, si kwa jina la chakula. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta peke yake ni kama kalori 120. Akachukua sahani ya bati akaichora na chaki: nusu mboga, lengalenga, shu, sombe, robo maharagi ao samaki ao yai, robo bugali, ya kutosha ngumi yangu, na akaishika ngumi yangu akaiweka pale juu ya bati ili nione. Sukari tushuke kidogo kidogo, wiki hii vijiko vitatu, wiki ijayo viwili. Chumvi pia. Tunda moja kwa siku, na nikisikia njaa ya kweli nile.

Ni mwezi wa tano sasa toka nianze naye. Niko kilo 80, tansio 13, mwezi wangu umerudi. Mama anapima mawese na kijiko, siku za kwanza alinuna, sasa anawaambia majirani. Na ninakula kwa sinia pamoja nao.

Kwa hiyo naomba. Kama ulikuwa ndani ya lile grupu na uko na mesaji za kulipa, foto za ile karatasi, ao foto ya ile chai, zitunze, andika hapa, twende pamoja kwa watu wa afya tuwaonyeshe. Na kuna mama mmoja, sikujua hata jina lake, alikuwa anatuma odio asubuhi na sauti ya mafua mafua, alisema iko na ugonjwa wa sukari na anakunywa vidonge vyake kila siku, na kochi akamwambia afuate karatasi kama wengine. Mama, kama unasoma hii ao mtoto wako anasoma: ukikata chakula namna ile na vidonge vya sukari unaendelea kuvimeza, kuna vingine sukari inaweza kushuka mpaka unaanguka. Usiache dawa peke yako, na usiendelee na ile karatasi. Nenda kesho kwa dokta wako, umwonyeshe vidonge na ile karatasi, vyote viwili. Nilitolewa kwa grupu kabla sijapata namba yako.